Unafikiria kugombea udiwani? Jipime mwaka mmoja kabla, ukiwa bado unaishi na watu

Mara nyingi anayefikiria kugombea udiwani tayari ni mtu wa watu. Ndiye anayeitwa majirani wakigombana, anayeshika daftari la michango, anayebaki nyuma kukusanya viti shughuli ikiisha. Siku moja mtu anamwambia, "Kwa nini usigombee wewe?", na neno lile halimtoki kichwani. Mwongozo huu ni wa kipindi hicho hasa: wazo lipo, fomu haijachukuliwa, na maisha ya mtaani bado ni matamu.

Tunachosisitiza ni kimoja. Kupendwa mtaani ni jambo moja, kuiweza kazi ya baraza ni jingine, na hilo la pili unaweza kulipima kabla hujamtangazia mtu yeyote. Udiwani ni vikao, makabrasha (yaani nyaraka za vikao) na ufuatiliaji. Hotuba ni sehemu ndogo mno. Anayeligundua hilo baada ya kuapishwa huteseka muhula mzima, na waliomchagua huteseka pamoja naye. Jipe mwaka. Aliyekwisha kukaa kwenye kamati ya shule au ya maji anaweza kujipima kwa miezi sita, lakini kwa mgeni wa vikao mwaka ndio kipimo.

Jua kiti kina mamlaka gani

Neno "diwani" linabeba vyeo visivyolingana. Tanzania, diwani wa kata huingia kwenye baraza la halmashauri na ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata. Kenya, tangu Katiba ya 2010, mwakilishi wa wadi hukaa kwenye bunge la kaunti ambalo hutunga sheria za kaunti na kuisimamia serikali ya gavana. Uganda mabaraza yamepangwa kwa ngazi, kuanzia kijiji (LC 1, LC ikiwa kifupi cha Local Council) hadi wilaya (LC 5). England kuna mabaraza ya parokia yanayoshughulikia mambo madogo ya eneo, na juu yake mabaraza makubwa yenye bajeti ya kweli. Soma sheria inayounda baraza lako, hasa sehemu ya majukumu na sehemu ya kamati. Si ndefu kama watu wanavyodhani, na wagombea wengi hawaifungui kamwe.

Kisha fanya zoezi hili. Andika kero 10 unazozisikia mara kwa mara, kila moja kwenye mstari wake, na mbele ya kila kero andika ni nani mwenye jukumu: baraza, wakala wa serikali kuu, mamlaka ya maji, shirika la umeme, polisi, au wananchi wenyewe. Usikisie, uliza ofisini. Tanzania, kwa mfano, barabara za wilaya ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017 na barabara kuu ziko TANROADS, wakala mwingine wa serikali kuu, kwa hiyo diwani anayeahidi kuweka lami anaahidi mali iliyo kwenye mfuko wa mwingine. Zoezi likikamilika kwa uaminifu, utashangaa ni kero ngapi haziko mikononi mwa baraza.

Hilo lisikukatishe tamaa. Linakufundisha namna ya kusema. Badala ya "nitajenga", utajifunza kusema "nitaipeleka hoja hii kwa fulani, nitaomba jibu la maandishi, na tarehe fulani nitarudi hapa kuwasomea". Ahadi ya namna hiyo inatimizika hata bajeti ikiwa ndogo, na wananchi wanaweza kuihakiki.

Kaa kwenye baraza kabla ya kulitaka

Vikao vya baraza kwa kawaida viko wazi kwa wananchi. Kenya hilo limo ndani ya Katiba yenyewe, Ibara ya 196. England kuna sheria ya 1960 inayowapa wananchi haki ya kuingia vikaoni. Tanzania baraza la madiwani hukutana kikao cha kawaida kila robo mwaka. Nenda ofisi ya mkurugenzi au ya karani wa baraza, omba ratiba, uliza pia ni kamati zipi zinaruhusu wasikilizaji. Vaa kawaida na kaa nyuma. Hakuna haja ya kumwambia mtu kwa nini umekuja.

Hudhuria vikao vitatu mfululizo, kwa sababu kikao kimoja hakikuonyeshi kitu: unaona mabishano na viti. Kwenye daftari gawa ukurasa safu tatu. Ya kwanza hoja, ya pili aliyeileta, ya tatu ilikoishia. Kikao cha tatu kikiisha, rudi nyuma uhesabu hoja zilizojirudia bila kupata jibu, kisha angalia zile zilizopata jibu zililetwaje. Utaona kwamba anayepata jibu mara nyingi ndiye aliyetaja ukurasa, fungu na tarehe. Mwenye sauti kubwa huondoka na makofi.

Jiangalie na wewe pia. Saa ya tatu ikifika, akili yako iko wapi? Ikiwa umeshaanza kupekua simu, na hili likatokea vikao vyote vitatu, umepata taarifa muhimu kuhusu nafsi yako, tena bila gharama.

Kikao cha robo mwaka kilicho muhimu kuliko vyote ni kile cha bajeti. Tanzania, Kenya na Uganda mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. England mabaraza huanza tarehe 1 Aprili. Kwa hiyo maamuzi makubwa hufanyika miezi kadhaa kabla ya hapo, na ukija kulalamika mwezi ambao mwaka wa fedha unaanza, fedha zimeshagawanywa.

Jifunze kusoma kabrasha

Tafuta kabrasha la kikao kilichopita. Waombe ofisini au mwombe diwani aliyepo. Linaweza kufika kurasa 100 na zaidi. Usianze ukurasa wa kwanza. Anza na kumbukumbu za kikao kilichopita, sehemu ya yatokanayo, kwa sababu hapo ndipo ahadi za jana zinapokutana na leo. Kisha nenda taarifa ya utekelezaji wa miradi.

Taarifa hiyo kwa kawaida ni jedwali: jina la mradi, fedha zilizoidhinishwa, zilizopokelewa, zilizotumika, na hali ya utekelezaji. Tuseme mstari mmoja unasema: ujenzi wa mtaro mita 400, zilizopokelewa asilimia 50, zilizotumika asilimia 48, hali, "unaendelea". Neno "unaendelea" halina kipimo. Nenda ukaupime mtaro wenyewe. Kama huna futi kamba ndefu, tembea hatua zako za kawaida kwenye mita 20 ulizopima sawasawa. Ukipata hatua 27, kila hatua yako ni kama sentimita 74. Sasa tembea kando ya mtaro. Hatua 120 ni karibu mita 89, yaani kidogo zaidi ya asilimia 22 ya urefu wote, ilhali karibu nusu ya fedha zote imekwisha kutumika.

Hapa ndipo wanaojifunza huharibu. Wanakimbilia kusema fedha zimeliwa. Huenda zimeliwa, lakini yapo maelezo mengine halali: mkandarasi kalipwa malipo ya awali, saruji na nondo zimenunuliwa na ziko stoo, kipande cha mwanzo kilikuwa na kalavati kubwa lenye gharama kuliko mita zilizobaki, au mchimbo umefika mita 300 na kilichobaki ni kujenga kuta tu. Uliza maswali manne kwa utaratibu: mkataba unasema kazi iishe lini, malipo yaliyofanyika ni ya hatua ipi, vifaa viko wapi, na nani alikagua kabla ya kulipa. Jibu la swali la nne ndilo litakaloonyesha mambo yalivyo. Ukizoea kuuliza hivi kwa mradi mmoja tu wa mtaani kwako, umekwisha kuanza kazi ya udiwani bila kuchaguliwa.

Soma na taarifa ya mapato: ni kiasi gani kinatoka vyanzo vya ndani na kiasi gani ni ruzuku kutoka serikali kuu. Ruzuku mara nyingi huja na masharti, imepangiwa mishahara au mradi maalumu. Fedha ambazo baraza linaweza kweli kuamua zielekee wapi ni kidogo kuliko jumla iliyoandikwa kwenye jalada. Mgombea anayejua ukubwa wa sehemu hiyo hana haja ya kuogopa swali lolote mkutanoni.

Hesabu saa zako kwa kalamu

Kwa wiki mbili andika kila saa ilikoenda: kazi, safari, familia, ibada, mazoezi, kikundi, usingizi. Kisha jaribu kutoa saa 12 hadi 15 kwa wiki. Ndani yake weka kusoma makabrasha (kurasa 40 kwa saa ni mwendo mzuri kwa anayesoma kwa kuelewa), vikao vya kamati, kikao cha kata, ziara ya mradi mmoja, na simu. Simu ndiyo inayosahaulika. Mtu atakupigia saa 5 usiku kwamba bomba limepasuka, na mwingine saa 11 alfajiri kwamba mtoto kanyimwa nafasi shuleni.

Hizo saa zinatoka wapi? Wengi husema, "nitapunguza usingizi", na hilo halidumu. Wengine hukata kila kinachowapa raha: wanaacha kwaya, wanaacha mpira wa jioni, hawakai tena na majirani. Baada ya mwaka wanakuwa viongozi wa watu wasiokaa nao. Anza kukata kwingine: kikundi ambacho uko kwa jina tu, nafasi ya uenyekiti ambayo mwingine anaiweza, kazi ya ziada isiyolipa. Kama ajira yako haikupi ruhusa ya mchana, uliza mapema vikao hufanyika saa ngapi. Pia angalia sheria ya utumishi. Kenya, kwa mfano, mtumishi wa umma anayetaka kugombea hutakiwa kujiuzulu angalau miezi sita kabla ya uchaguzi, na hilo ni jambo la kujadili nyumbani mapema sana.

Nyumbani na mfukoni

Kaeni na mwenzi wako, na watoto walio wakubwa, mkiwa hamna haraka. Msiulizane tu "mnakubali?", maana jibu huwa ndiyo ya heshima. Ulizaneni mambo yanayoshikika: ni jioni ngapi kwa wiki zitabaki za familia, nani anapokea wageni wanaokuja bila taarifa, wanafamilia watasema nini wakitukanwa sokoni au shuleni kwa ajili yako, na kiwango cha juu cha fedha ni kipi. Kiandikeni. Kiwango kisichoandikwa hupanda kila wiki ya kampeni, na wiki ya mwisho ndiyo huchukua zaidi.

Msingi wetu kuhusu fedha hauna mjadala: usikope kwa ajili ya kura, usiuze kitu kinachoilisha familia, na usiguse fedha za kikundi hata kwa siku moja. Anayeingia na deni huingia akiwa na mdai, na mdai atataka zabuni. Tenga matumizi kwa mafungu: vipeperushi, usafiri, mawasiliano, chakula na maji ya mawakala siku ya kura, na akiba ya moja ya kumi kwa dharura. Nchi nyingi zina ukomo wa gharama na hudai marejesho ya hesabu, kwa hiyo weka stakabadhi tangu siku ya kwanza kwenye bahasha moja.

Kisha kuna maombi. Siku habari zikivuja kwamba unafikiria kugombea, watakuja wa ada, wa jezi, wa dawa, wa nauli. Hapa ndipo uchungu ulipo, kwa sababu wengine walikuja kwako hata zamani na uliwasaidia kama jirani. Sheria za uchaguzi hukataza kutoa kitu kwa nia ya kushawishi kura. Tanzania kulikuwa na mlango uliojulikana kama takrima, yaani mgombea kuwakirimu wapigakura, na Mahakama Kuu ikaufunga mwaka 2006. Utaratibu unaofanya kazi ni huu: ulichokuwa ukitoa kabla ya wazo la kugombea, endelea nacho kwa kiwango kilekile, kupitia kikundi au kamati ileile, bila kutangaza, kipya usikianzishe. Na uwe na jibu moja unalolirudia kwa kila mtu kwa upole: "Ndugu yangu, nikikupa leo nitakuwa nimekununua, na mimi nataka unidai kazi. Tukae tuone ofisi gani inahusika na shida yako, nitakusindikiza." Msindikize kweli. Kumsindikiza mtu ofisini hadi apate jibu huchukua nusu siku, na ndiyo picha halisi ya kazi unayoiomba.

Maisha ya mtaani yabaki maisha

Watu wana pua kali. Mtu aliyekuwa haonekani misibani akianza ghafla kuwahi misiba yote, wanajua. Kama hukuwa mtu wa kwaya usijiunge nayo mwaka wa uchaguzi. Zidisha kile ulichokuwa nacho: kama unafundisha watoto mpira, endelea kufundisha; kama ni mshona nguo ambaye wateja hukaa kibarazani kuzungumza, hicho kibaraza kina habari kuliko mkutano wowote.

Msibani na harusini usibebe siasa. Usivae nguo za chama, usiombe kipaza sauti, usigawe kadi, usikae meza kuu kama hujaitwa. Mtu akianzisha mazungumzo ya uchaguzi, mwambie "tutazungumza Jumatatu", kisha Jumatatu mtafute. Chagua pia shughuli moja ambayo itabaki bila kura ndani yake hata kampeni ikipamba moto: saa moja ya mpira, mazoezi ya kwaya, bustani, kucheza bao na wazee. Waambie wenzako pale wazi kwamba hapo hamzungumzi uchaguzi. Inapumzisha, na pia ndipo mahali utakaporudi iwe umeshinda au umeshindwa.

Kuna nafasi ambazo lazima uzikabidhi kabla ya kutangaza nia. Mweka hazina wa kikundi akabidhi vitabu. Waite wanachama wawili wasio marafiki zako wakague salio la benki, fedha taslimu na stakabadhi, watie saini, na nakala ubaki nayo. Refa wa ligi ya mtaa aache filimbi. Penalti moja yenye utata itageuzwa kuwa ukabila au uchama. Msimamizi wa kundi la mtaa la WhatsApp amkabidhi mwingine usimamizi, asije akaonekana anafuta ujumbe wa wapinzani. Watu hukerwa sana wakihisi kwamba kitu chao cha pamoja kimegeuzwa ngazi ya mtu mmoja, na kovu hilo hubaki hata baada ya uchaguzi.

Sikiliza kabla ya kuomba

Tafuta watu 15: watano wanaokufahamu vizuri, watano wasiokujua, na watano ambao hamuelewani. Waulize swali moja: "Ni sababu gani tatu zitakazowafanya watu wasinichague?" Nyamaza uandike. Usijitetee, hata kama lililosemwa si kweli, maana uongo unaojulikana mtaani nao ni taarifa. Sababu ikitajwa na watu sita au zaidi kati ya hao 15, hiyo ndiyo itakayokuwa mada ya wapinzani wako. Ama unaweza kuirekebisha ndani ya mwaka, ama unahitaji jibu la kweli na fupi.

Chunga mpaka kati ya kusikiliza na kampeni. Nchi nyingi zimeweka kipindi rasmi cha kampeni, na vyama vina kanuni zao kuhusu kuanza mapema. Kuuliza kero ni haki ya kila mwananchi. Kuomba kura, kuchapisha picha na kugawa vitu kabla ya wakati kunaweza kukuondoa kwenye kinyang'anyiro kabla hakijaanza.

Hesabu ya kura

Omba matokeo ya chaguzi mbili zilizopita, kituo kwa kituo kama yanapatikana. Huu hapa mfano wa kukokotoa. Weka tarakimu za kwenu. Kata ina wapigakura 6,000 daftarini. Wakijitokeza asilimia 45, ni 2,700. Wagombea wenye nguvu wakiwa watatu, mshindi anaweza kupatikana kwa asilimia 40 hivi, yaani 1,080. Lenga 1,200 upate nafasi ya kupumua.

Sasa sehemu ambayo wengi huiruka. Watu wakikuambia "yako ipo", hesabu saba kwa kila kumi. Wengine wanakuheshimu tu na wengine hawataamka siku hiyo. Kwa hiyo unahitaji ahadi kama 1,700. Kaya moja ikiwa na wapigakura wawili, hizo ni kaya 850 zilizokubali. Na ikiwa nusu ya kaya unazofika ndizo zinazokubali, unatakiwa kuzungumza na kaya 1,700. Watu wawili wakitoka kwa saa mbili hugonga milango kama 25 na kukuta wenyeji kwenye nusu yake, tuseme mazungumzo 12 ya dakika tano au sita. Kaya 1,700 ukigawa kwa 12 ni matembezi zaidi kidogo ya 140. Kampeni ikiwa ya wiki nane, ni matembezi 18 kwa wiki, yaani jozi sita za watu, kila jozi ikitoka mara tatu.

Watu 12 wa kutoka mara tatu kwa wiki kwa wiki nane, bila malipo: je, unao? Usihesabu wanaosema "niko nyuma yako". Wahesabu waliokutajia siku na saa. Hesabu hii imewasaidia wengi kuona mapema kwamba wanachohitaji kwanza ni wenzao 12, na vipeperushi baadaye.

Mlangoni, mkiwa wawili, mmoja aongee na mwingine aandike mkishatoka, si mbele ya mwenye nyumba. Andikeni kero aliyoitaja kwa maneno yake. Usibishane na mfuasi wa mwingine. Mshukuru, ondoka, weka alama. Kosa kubwa hapa ni kukaa nusu saa kwa rafiki anayekubali tangu zamani, kwa sababu pale panapendeza.

Chama, ugombea binafsi, na karatasi

Tanzania mgombea udiwani lazima adhaminiwe na chama cha siasa, kwa hiyo mlango wa kwanza ni kura za maoni au utaratibu wa uteuzi ndani ya chama, na unapaswa kuwa mwanachama anayefahamika kwenye tawi muda mrefu kabla. Kenya mgombea binafsi anaruhusiwa: kwa wadi anahitaji kuungwa mkono na wapigakura waliosajiliwa wa wadi hiyo wasiopungua 500, na asiwe mwanachama wa chama chochote kwa angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi. England wagombea binafsi ni wa kawaida kabisa kwenye mabaraza madogo. Jiunge na chama ambacho unaweza kukitetea hata kikikunyima uteuzi. Anayehama siku ya pili baada ya kukatwa, kila mkutano huulizwa kwa nini alihama.

Fomu huangusha watu wenye nguvu kwa mambo madogo: jina limepangwa tofauti na kitambulisho, mdhamini yuko kwenye daftari la kata jirani, saini imekosekana ukurasa mmoja, muhuri haupo, muda umepita. Kusanya wadhamini robo zaidi ya idadi inayotakiwa, hakiki kila mmoja kwenye daftari la wapigakura, mpe mtu mwingine makini aisome fomu neno kwa neno, toa nakala ya kila ukurasa, na irudishe siku mbili kabla ya mwisho ili kama kuna dosari pawe na muda wa kurekebisha.

Tarehe ya kuamua

Andika tarehe kwenye kalenda, angalau mwezi mmoja kabla ya uteuzi wa ndani ya chama au kuanza kukusanya saini. Siku hiyo angalia mambo manne tu: familia imekubali kwa masharti yaliyoandikwa, umekaa vikao vitatu na bado unataka kurudi, unao watu 12 wenye siku na saa, na fedha zako, bila mkopo, zinafikia angalau nusu ya makisio, nusu nyingine ikiwa na chanzo halali unachokijua. Yakikosekana mawili, subiri muhula ujao. Likikosekana la familia, subiri hata kama mengine yote yapo.

Kusubiri kuna kazi yake. Gombea kamati ya shule, kamati ya maji, au uongozi wa kijiji au mtaa, ambako vikao ni vifupi na makosa hayaumizi sana. Unaweza pia kuwa wakala wa mgombea mwingine siku ya kura, ukaona karatasi zinavyohesabiwa na fomu ya matokeo inavyojazwa.

Na lile daftari lako la kero, hoja za vikao na hatua za mtaro, usilifungie kabatini. Litolee nakala, uwapelekee wagombea wote wa kata, kila mmoja na nakala yake na tarehe iliyoandikwa juu, uwaombe waseme kwa maandishi watafanya nini na kero tatu za mwanzo. Majibu yakija, yabandike pale watu wanapopita, na uyaache hapo hadi kikao cha kwanza cha baraza jipya, ambacho utakuwa umekaa nyuma na daftari jingine.